Visiwa vya Matete na Minara ya Wafu: Safari ya Ziwa Titicaca

Jumatatu: Cusco hadi Puno

Basi liliondoka Cusco, kusini mwa Peru, alfajiri. Saa chache baadaye tukasimama La Raya, sehemu ya juu kabisa ya barabara hii, zaidi ya mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Wanawake waliojifunika mablanketi walikuwa wakiuza sweta za sufu ya alpaka, mnyama wa kufugwa wa milima hii, katikati ya upepo unaokata masikio. Wenzetu walipiga picha za theluji. Mimi nilibaki nikiwaza maji. Mvua inayonyesha upande mmoja wa La Raya inaishia mto Amazon na kuvuka bara zima hadi Atlantiki. Inayonyesha upande wa pili inashuka Ziwa Titicaca na haifiki bahari yoyote. Mito zaidi ya 25 inaingia ziwani humo. Unaotoka ni mmoja, Desaguadero, nao hubeba kiasi kidogo tu. Maji mengine yote huchukuliwa na jua na upepo.

Mimi ni mtu wa Ukerewe. Nimekulia ziwani, kwa hiyo ziwa la watu nikilifikia nauliza yale ambayo baba angeuliza: kuna samaki gani, vyombo vinaundwa kwa kitu gani, maji yanapanda au yanashuka. Titicaca ni dogo kwa Victoria, yangehitajika kama manane hivi kulifikia kwa eneo. Ila kwa kina linatuzidi mbali, maana chini kabisa hufika mita 280 na ushee, na letu ni kama 80. Uso wake uko mita 3,812 juu ya bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanaikumbuka kambi ya Horombo: iko mita 3,720. Yaani wavuvi wa Titicaca wanatupa nyavu juu zaidi ya mahali ambapo wapandaji wetu wanalazwa usiku mzima ili mwili uzoee.

Tulifika Puno, mji ulio ufukweni mwa Titicaca, jioni. Nilikuwa na dada yangu, mkubwa wetu nyumbani, ambaye safari nzima ndiye aliyeshika pesa na dawa. Tulikula supu, tukalala na soksi mbili mbili.

Jumanne: kuzoea hewa

Kichwa kilianza kugonga usiku wa manane. Wenyeji huita hali hii soroche, na hakuna anayeshangaa mgeni akiipata, kwa sababu kila pumzi hapa inakupa karibu theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata pwani. Asubuhi mwenye nyumba ya wageni alituletea maji ya moto yenye majani ya koka. Nilikuwa nikisitasita. Dada akaisogeza bilauri mbele yangu.

"Mdogo wangu, kunywa. Wenye mlima wao ndio wanaoujua."

Majani ya koka ni halali Peru, yanauzwa sokoni kwa mafungu, na ladha yake ni ya majani makavu tu, yenye uchungu kwa mbali. Usiyabebe kuvuka mpaka, nchi nyingi zinayahesabu ni dawa za kulevya.

Mchana tulitembea polepole hadi bandarini. Nilichokiona kwanza kilinisikitisha: maji ya ghuba karibu na mji yamefunikwa na vimmea vidogo vya kijani, vimetandaza kama zulia. Mji umekua, majitaka yamemwagwa ghubani miaka mingi, na vimmea hivi hunenepa kwa uchafu huohuo. Magugumaji yetu ni mmea mwingine, lakini kinachoyalisha ni kilekile.

Kisha nikasikia habari ya meli Yavari, na hapo nikasahau kichwa. Meli hii ya chuma iliundwa Uingereza, ikaletwa kwa vipande hadi pwani ya Pasifiki mwaka 1862, na vipande hivyo vikapandishwa milimani kwa migongo ya nyumbu. Kazi ilichukua miaka. Ilishushwa majini siku ya Krismasi ya 1870, na kwa kuwa huku juu miti ni ya shida, tanuri lake la mvuke lililishwa samadi iliyokaushwa ya lama, mnyama wa jamii ya alpaka. Kwa mtu wa nchi yenye MV Liemba habari hii inaingia moyoni moja kwa moja. Liemba nayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe wakati wa vita, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Meli mbili kwenye maziwa mawili ya mbali na bahari, na mgongoni zote zina jasho la wapagazi na wanyama ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ningependa siku moja watoto wa shule wa Kigoma na wa Puno waandikiane barua kuhusu meli hizi.

Jumatano: Uros na Taquile

Boti iliondoka saa moja asubuhi. Kiongozi wetu, kijana wa palepale Puno, alizungumza Kihispania na Kiingereza kwa zamu, na kabla hatujatoka gatini alikuwa amekwisha kutufundisha salamu. Visiwani kwa Wauros, watu wanaoishi juu ya visiwa vya matete, utasalimiwa kwa Kiaymara, "Kamisaraki", nawe uitikie "Waliki". Kisiwa cha Taquile wanasema Kikechua: "Allillanchu", jibu ni "Allillanmi". Nilimpenda kwa hilo. Mgeni asiyejua kusalimu hubaki mteja siku nzima.

Mfereji wa boti unapita katikati ya matete marefu yanayoitwa totora. Tangu mwaka 1978 eneo hili ni hifadhi ya taifa, lakini hifadhi ambayo wenyeji bado wanaivuna. Baada ya nusu saa hivi matete yakafunguka na visiwa vikaanza kuonekana, vya rangi ya majani makavu, vingine vikiwa na ukubwa wa uwanja wa nyumba tu.

Hatua ya kwanza juu ya kisiwa inashtua miguu. Panabonyea, panarudi, kisha pananyamaza. Tuliketishwa kwenye mabunda ya totora, na mzee anayekiongoza kisiwa hicho (kila kisiwa kina rais wake, na familia zake chache) akatuonyesha ujenzi wake kwa vipande vidogo alivyoviweka mapajani. Msingi ni khili, yaani mapande ya mizizi ya totora iliyosokotana na udongo mweusi. Maji yakipanda wakati wa mvua, mapande haya hung'oka na kuelea yenyewe. Wanaume huyakata kwa msumeno mkubwa kuwa matofali, huyaburuta kwa boti hadi mahali panapotakiwa, hupigilia katikati ya kila tofali kijiti cha mkaratusi, kisha hufunga kijiti kwa kijiti kwa kamba. Zamani kamba zilikuwa za majani. Siku hizi ni nailoni. Baada ya muda mizizi hushikana na kuwa kitu kimoja. Juu yake hutandazwa totora kavu, tabaka hili likielekea huku na linalofuata likikatiza, hadi unene wa kumfaa mtu kujenga nyumba na kulea watoto. Mwisho kisiwa hufungwa nanga. Bila nanga, alisema, mtalala Peru muamke Bolivia.

Tabaka la chini huoza bila kupumzika, hivyo kila baada ya wiki chache lazima totora mpya ilazwe juu, na wakati wa mvua mara nyingi zaidi. Nilimwuliza mzee kupitia kiongozi: mkigombana na jirani je? Akaunyanyua ule msumeno. Wanaohitilafiana hukata kisiwa, kila mmoja akaenda na upande wake.

Alichomoa totora mbichi, akalimenya shina lake jeupe la chini kama unavyomenya ndizi, akatupa tuonje. Lina maji mengi, ni laini, na utamu wake ni hafifu sana. Nyumba, kitanda, kuni, mtumbwi, tena na chakula: nimekulia pembeni mwa mafunjo ya Ukerewe na sikuwahi kuona mmea mmoja ukibebeshwa kazi nyingi namna hii. Jiko lao ni la udongo, limekaa juu ya bamba la jiwe, maana hapa cheche moja ni hatari kwa kijiji kizima. Juu ya mapaa kuna sola.

Lugha ya mababu wa Wauros imekufa, wanasema Kiaymara. Ndugu yake wa karibu, Kichipaya, bado kinasemwa na jamii ndogo upande wa Bolivia. Nimesoma watalii wakilalamika kwamba visiwa hivi ni maonyesho ya biashara, kwamba mama anayeuza vitambaa amejipanga kwa ajili yao. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama yule alikuwa ameshona, ana watoto wa kusomesha, samaki wamepungua, na wageni wanakuja mlangoni kwake kwa boti. Ulitaka afanye nini? Tulinunua kitambaa cha ukutani, tukalipa alichotaja.

Kutoka Uros hadi Taquile ni mwendo wa saa mbili na zaidi. Ghuba inaishia, ziwa linafunguka, na upande wa Bolivia milima ya theluji inasimama mstari mmoja juu ya maji. Rangi ya maji ni buluu nzito inayokaribia nyeusi. Jua linachoma kuliko Mwanza mwezi wa Februari, ingawa ukiingia kivulini unatafuta koti.

Taquile ni jiwe na udongo, kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita tano na kidogo, na kilele kinachozidi mita 4,000. Njia ya kupanda ni ya mawe, mashamba ya ngazi yako kulia na kushoto: viazi, shayiri, maharage mapana. Tulipanda hatua ishirini, tukasimama. Bibi mwenye mzigo wa kuni alitupita akasalimu bila kupunguza mwendo. Kiongozi alichuma tawi la muña, mmea unaonukia kama mnanaa, akalisugua viganjani na kutuambia tuvute hewa. Ilisaidia kweli.

Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza sanaa ya ufumaji ya Taquile kuwa urithi wa dunia wa utamaduni usioshikika, na ukifika uwanja wa kijiji unaona sababu bila kuelezwa. Wanaume wanafuma kwa sindano wakitembea, wakiongea, wakisubiri chakula. Mvulana hujifunza akiwa mdogo, na kofia ya sufu yenye kufunika masikio ndiyo hutangaza hali yake: nyekundu yote ni ya mwenye mke, yenye sehemu nyeupe juu ni ya kapera. Niliketi karibu na mzee mmoja nikamtazama kwa muda mrefu. Sindano zake zilikuwa nyembamba kama spoku za baiskeli, uzi umezunguka shingoni, na vidole gumba ndivyo vilivyofanya kazi yote, vikiusukuma uzi mbele upesi hata jicho halifuatilii. Nyuzi zilikazwa kiasi kwamba ukigusa kofia unadhani ni kitambaa cha kiwandani. Kiongozi alisema zamani baba mkwe alimpima kijana kwa kumimina maji ndani ya kofia aliyoifuma. Ikivuja, arudi akajifunze.

Wanawake hufuma mikanda mipana kwenye mitande iliyolazwa chini. Mkanda wa kalenda una picha zinazofuatana: kupanda, kuvuna, sikukuu, ndege wanaotabiri mvua. Mwaka mzima wa kilimo umefungwa kiunoni. Mkanda mmoja huchukua wiki nyingi, na bei imeandikwa kwenye kibandiko katika duka la ushirika wa kisiwa, haipunguzwi. Naunga mkono. Kisiwa hiki kilichukuliwa na Wahispania, kikawahi kuwa gereza, na wenyeji wakajinunulia tena ardhi ya mababu zao katika karne ya 20. Watu waliolipia nchi yao wenyewe hawana haja ya kubishana na mgeni juu ya mkanda.

Chakula cha mchana kilikuwa supu ya kinoa, nafaka ya huku milimani, na samaki wa kukaanga, trauti, mwenye nyama ya rangi ya chungwa. Nikauliza swali la baba: huyu ni wa hapa? Si wa hapa. Trauti waliletwa kutoka Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 ili kuinua uvuvi. Walikua, wakanenepa, wakala. Samaki mkubwa wa asili, aliyeitwa umanto, alitoweka kabisa, hayupo tena popote duniani. Nikaacha kula kidogo. Sangara walitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 kwa nia njema hiyohiyo, na furu ambao babu zetu waliwala kila siku, aina mamia, wakapukutika. Nimeona sangara wakijenga nyumba za bati Ukerewe na nimeona nyavu za wazee zikikosa furu, kwa hiyo siwezi kumlaumu anayefuga trauti kwenye vizimba hapa ili aishi. Ila ningetaka kila mtaalamu anayekuja na ndoo ya samaki wageni aketishwe kwanza mezani na watu wa maziwa haya mawili.

Tulishuka upande wa pili wa kisiwa kwa ngazi za mawe zaidi ya mia tano. Puno tuliingia saa kumi na moja jioni, ngozi ya pua imebabuka.

Alhamisi: Sillustani

Asubuhi tulikwenda sokoni, nikakuta kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: ispi. Ni visamaki vya asili vya Titicaca, virefu kama kidole, vinakaangwa vizima na kuliwa na kichwa chake pamoja na viazi. Dada akanunua fungu. "Hawa ni dagaa, wamebadili jina tu," akasema, akaongeza pilipili.

Saa nane mchana basi dogo lilitupeleka Sillustani, kilomita thelathini na kitu kutoka Puno. Njiani tulisimama kwenye uwanja wa familia moja ya wakulima wa Atuncolla, nyumba za mawe zenye ving'ombe viwili vya udongo wa kuchomwa juu ya paa. Walitukaribisha viazi vya kuchemsha, jibini, na bakuli la uji wa kijivu. Uji huo ni udongo. Unachovya kiazi, unakula. Aina nyingi za viazi vya huku juu zina uchungu wenye sumu kidogo, na udongo huu huushika uchungu huo usidhuru tumbo. Hii ni elimu ya karne nyingi. Wazungu wawili walirudisha viazi vyao. Dada, aliyekula udongo wa kuchomwa katika mimba zake zote tatu, alimaliza chake akaomba kingine, na mama mwenye nyumba akamshika mkono, wakacheka pamoja ingawa hawakuwa na lugha hata moja ya kuongea. Simbilisi walikuwa wakikimbia kwenye kibanda chao cha mawe. Nao ni kitoweo.

Sillustani ni rasi yenye mlima bapa inayoingia Ziwa Umayo. Waliozika hapa ni Wakolla, taifa la wasemaji wa Kiaymara lililotawala nyanda hizi hadi Wainka walipolishinda katika karne ya 15. Minara yao ya wafu inaitwa chullpa. Iko ya zamani, ya mawe madogo yaliyorundikwa kwa udongo. Halafu iko mikubwa, ya mawe ya volkano yaliyochongwa, yakakutana bila chokaa kiasi kwamba kucha haipiti.

Mrefu zaidi ni mnara wa Mjusi, mita 12, unaoitwa hivyo kwa mjusi aliyechongwa kwenye jiwe lake moja. Nilimtafuta nikampata: mdogo, mkia umejikunja, jua la jioni likimwonyesha vizuri. Jambo la ajabu katika minara hii ni kwamba juu ni pana kuliko chini. Ili jengo la mawe lipanuke likienda juu bila kuanguka, kila jiwe lazima lichongwe kwa mteremko wake peke yake. Upande mmoja wa mnara wa Mjusi umeporomoka, hivyo unaona tumbo lake: nje mawe yaliyonyooka, ndani kifusi na udongo, katikati chumba cha wafu. Maiti zilikaushwa na kuketishwa magoti yamefika kifuani, kama mtoto tumboni, familia nzima chumba kimoja, na vyungu vyao, chakula na mapambo. Mlango uko chini upande wa mashariki, mdogo wa mtu kuingia kwa tumbo, nao uliwekwa uelekee jua linakochomoza.

Mbele kidogo kuna mnara ambao haukuisha. Njia ya kupandishia mawe bado imeegemea ubavuni mwake, na baadhi ya mawe yana vinundu vilivyoachwa kwa ajili ya kunyanyulia. Hapo unaelewa kazi ilivyokuwa: hakuna gurudumu, hakuna punda wala ng'ombe wa kukokota, ni kamba, magogo na mabega. Mhispania mmoja aliyepita nyanda hizi katika karne ya 16 alistaajabu kwamba watu hawa waliishi kwenye vijumba vya hali ya chini na kuwajengea wafu majumba makubwa. Mimi sikuona ajabu. Kwetu pia kuna watu wanaokopa ili baba azikwe kwa heshima.

Kilichonikasirisha ni matundu. Minara kadhaa ilibomolewa kwa baruti na wezi wa makaburi waliotafuta dhahabu. Waliwatupa nje watu walioketi humo kwa karne nyingi, wakavunja vyungu, wakaacha ubavu wa mnara wazi kwa mvua. Mwenzetu mmoja alitaka kupanda juu ya mawe yaliyoanguka apigwe picha. Mlinzi alimwita kwa filimbi, na kiongozi wetu akamweleza kwa sauti ya chini kwamba wanavijiji wa jirani bado huleta majani ya koka hapa kwa heshima ya waliozikwa. Akashuka.

Upepo ulipozidi tulirudi kwenye basi.

Ijumaa: makumbusho

Kabla ya kuondoka tulipita jumba la makumbusho la Carlos Dreyer, karibu na kanisa kuu la Puno. Mwaka 1971 wanaakiolojia walichimbua Sillustani hazina ambayo wezi wa baruti hawakuiona: mamia ya vipande vya dhahabu, vibati vyembamba, shanga, bangili. Vimewekwa humo, pamoja na maiti zilizokaushwa na mfano wa chullpa iliyopasuliwa katikati ili uone walivyoketi. Dhahabu niliitazama mara moja. Kwa maiti nilisimama muda mrefu, kisha nikamwambia dada kwamba ningependa wale warudishwe mnarani na mlango uzibwe. Yeye hakukubali: alisema wakirudishwa wataibwa wiki hiyohiyo, afadhali hapa penye kufuli. Tumebishana hadi kituo cha basi na hatujamaliza.

Kwa anayepanga kwenda: lala Puno siku mbili kabla ya kupanda ngazi za Taquile, na Sillustani uende mchana, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linaloonyesha michongo. Nenda na koti hata kama asubuhi kuna joto. Beba soli (pesa ya Peru) ndogo ndogo, visiwani noti kubwa hazina chenji.